Kadhi Aliyeuzuliwa

Mtu akitaka kuitunza sarafu ya kale isiharibike, jambo la kwanza atakaloulizwa na wajuao kazi hiyo ni vipimo vyake: upana wake ni milimita ngapi, unene wake kadiri gani, ni ya fedha au ya shaba, ili apewe kihifadhi kinacholingana nayo. Swali hilo ni la haki, nami nitalifikia. Lakini nyuma yake limesimama swali jingine lisilopimwa kwa rula, ambalo wakusanyaji aghalabu hulipita kimya. Nalo ni hili: ni kwa idhini gani, mbele ya Mungu na mbele ya jirani, mtu hukitoa mikononi mwa watu kitu kilichoundwa kwa ajili ya mikono ya watu, akakifungia mahali kisipoguswa, na kitendo hicho akakiita ulinzi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilishika swali hili katika kitabu chake Ihya, penye mlango wa shukrani, kwa hoja ambayo sijaona aliyeipita kwa uzito. Dinari na dirhamu, asema, hazina manufaa katika dhati zake, kwa kuwa mtu hawezi kuzila akashiba wala kuzivaa akasitirika; Mwenyezi Mungu amezijaalia kuwa mahakimu baina ya mali mbalimbali, ili mwenye zafarani ahitajiye ngamia apate mwamuzi wa kumwambia zafarani kiasi gani ni sawa na ngamia mmoja; nazo zaweza kuhukumu kila kitu kwa sababu zenyewe si kitu, mfano wa kioo kisicho na rangi yake, ambacho kwa kukosa rangi huonyesha rangi zote. Basi azilimbikizaye amefanana na mtu aliyemkamata hakimu wa Waislamu akamtia gerezani, kesi za watu zikalala. Na Sahaba Abu Dharri, kabla ya Imamu kwa karne nyingi, alikwenda mbali zaidi hata ya hapo, akawakemea wakwasi wa Sham waziwazi kwa kuweka akiba ipitayo haja yao, na mwisho wa maisha yake ukawa upweke wa jangwani, huko Rabadha. Lakini wanazuoni walio wengi hawakumfuata katika ukali ule, bali walishika kauli inayonasibishwa na Ibn Umar, kwamba mali iliyotolewa zaka si kanzi, yaani limbiko lenye kulaumiwa, hata ikizikwa ardhini, na isiyotolewa zaka ni kanzi hata ikianikwa juani.

Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Thika na Ruiru, nao wana habari yao ya mtumwa aliyefukia talanta ya bwana wake, akaifukua safi kama alivyoifukia, na kwa usafi ule ule akalaumiwa. Mara nyingi wahubiri huifanya talanta ile kuwa kipaji cha uimbaji au cha hesabu, na husahau kwamba katika kisa chenyewe ilikuwa ni fedha ya kupimwa kwa mizani, na kwamba shtaka lilikuwa ni la kuhifadhi.

Mimi nimekaa Ruiru miaka mingi, wala sihitaji kusafiri kuuona ukweli wa maneno haya. Panda gari la abiria asubuhi pale Githurai, mpe makanga noti ya shilingi mia mbili, nawe utamsikia akiuliza gari zima nani ana chenji. Ingia dukani Makongeni, na huenda muuzaji, badala ya shilingi zako mbili, akakutilia mkononi peremende mbili, kana kwamba peremende nayo imetawazwa kuwa hakimu. Shilingi zenyewe ziko, zile zilizotolewa Desemba 2018, ya moja yenye twiga na ya tano yenye kifaru, ya kumi yenye simba na ya ishirini yenye ndovu. Lakini nyingi kati yake zimelala katika makopo ya maziwa ya unga na vibubu vya watoto, na anayeumia ni mama wa mahindi ya kuchemsha, ambaye mnunuzi humpita kwa kukosa kumi tu. Mwenye kulijaza kopo la namna hiyo, hata akilipanga kwa mapenzi na kulifuta vumbi kila Ijumaa, simwoni ana jawabu kwa Ghazali.

Hata hivyo, nikiitazama hoja ya Imamu kwa insafu, naona aliyemzungumzia ni hakimu aliye kazini. Hakimu aliyekwisha kuuzuliwa ana hukumu nyingine. Muhuri wake umechukuliwa, hakuna mdai amwendeaye wala mdaiwa amwogopaye, na mtu akimpokea nyumbani kwake asije akalala nje, hakuifunga mahakama ya yeyote. Huo ni ukarimu na si kifungo. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, ilikoma kuhukumu hapa Kenya kufikia mwaka 1969, baada ya Benki Kuu iliyoundwa mwaka 1966 kutoa noti zake mwaka huo huo na sarafu zake mwaka uliofuata. Tangu hapo hakuna sheria inayomlazimu muuza nyanya kuipokea, na aiwekaye hakumnyima muuza nyanya kitu. Tofauti hii, kwa maoni yangu, ndiyo mlango wa mas'ala yote, na nashangaa jinsi inavyopitwa na wale wanaowashutumu wakusanyaji wote kwa neno moja la ubahili.

Tena nchi hii imewauzulu mahakimu wengi kwa muda mchache. Rupia ndiyo iliyowahukumu vibarua wa mwanzo wa mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya katani upande wa Thika; mwaka 1920 ikaondolewa ikawekwa florini, ambayo haikupata hata kuvizoea viti vya baraza, ikafuatwa na shilingi; na katika mtikisiko ule ule, mwaka 1921, walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi, jambo lililomsimamisha Harry Thuku, kijana wa Kambui, akasema yaliyokuwa hayasemwi, hata alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Anayeishika leo rupia ya siku zile, au florini ile ya miezi michache, hakushika pambo. Ameshika hukumu iliyopata kutolewa, na watu waliohukumiwa kwayo wana wajukuu wanaolima mpaka leo kati ya mto Chania na mto Ruiru.

Na ipo senti kumi ya mwaka 1936, ambayo mimi huipenda kupita kadiri ya thamani yake sokoni. Mfalme Edward wa Nane alikaa enzini chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba kabla Uingereza yenyewe haijatoa sarafu za matumizi zenye jina lake. Lakini sarafu ndogo za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu hapana nafasi ya uso, basi mafundi hawakuwa na sura ya kungojea, wakapiga senti tano na senti kumi kwa jina lake tupu. Kwa hiyo mfalme ambaye watu wa London hawakupata kumtia mfukoni alipita mikononi mwa wauza viazi wa Thika, akatungwa ugwe pamoja na ndururu nyingine, na pengine hakuna aliyemtambua. Hapo hakimu na mfalme aliyemteua wameuzulika pamoja, na shaba imebaki.

Sasa niingie katika vihifadhi, kwa kuwa ukarimu nao una adabu zake, na wengi huziharibu sarafu kwa huruma.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo Thika mpaka akastaafu, anazo sarafu zipatazo viganja kadhaa, alizoachiwa na baba yake katika kopo la tumbaku. Katika kopo lile zilikaa miaka hamsini zikabadilika rangi tu, kama fedha na shaba zibadilikavyo kwa hewa. Alipoona sasa anao wasaa wa kuzienzi, alinunua kurasa za plastiki laini zenye vijimfuko, akazipanga kwa miaka, akaziweka kabatini. Alipozitoa tena nje baada ya mvua mbili za masika, shilingi ya mwaka 1925 ilikuwa imefanya utando wa kijani, mzito kidogo, wenye kunata, uliokaa penye manyoya ya simba na katika mabonde ya herufi.

"Mwalimu, hii ni kutu ama ni sumu?" akaniuliza.

"Ni sumu, mzee wangu. Imekuja na mfuko."

Hakuniamini, na alikuwa na haki ya kutoniamini, maana plastiki ile ilikuwa safi na angavu kuliko kitu chochote nyumbani mwake. Tukatoka uani na jiko la gesi. Alichukua kipande cha waya wa shaba, akakishika kwa koleo ndani ya mwali mpaka kikawa chekundu na mwali ukaacha kupata rangi. Kisha akakigusisha ukingoni mwa mfuko, kikachovya tone la plastiki, akakirudisha motoni. Mwali ukageuka kijani, kijani cha kung'aa, mara moja. Tulisogea upande wa upepo, kwa sababu moshi ule haufai kuvutwa. Rangi ile ni alama ya klorini, na plastiki laini yenye klorini ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji, iliyolainishwa kwa mafuta ambayo hayakai ndani yake milele. Mafuta hutoka polepole, klorini nayo huzaa tindikali, na viwili hivyo huishukia sarafu iliyolala katikati, hasa yenye shaba nyingi. Ile shilingi, watu wanayoiita ya fedha, ni fedha robo tu tangu 1921 hata 1946, na sehemu kubwa ya mwili wake ni shaba.

Mzee alitaka kuiosha kwa dawa ya wajukuu ya kutoa rangi ya kucha. Nikamwomba angoje tupate asetoni halisi kwa mwenye duka la dawa, kwa kuwa ile ya kucha aghalabu ina manukato na mafuta ambayo hubaki juu ya sarafu yakaanza taabu upya. Na asisugue kwa kitambaa, bali aizamishe katika kikombe cha kioo, aigeuze, aitoe, aiache ikauke yenyewe. Utando ulitoka. Chini yake uso wa simba ulikuwa umekwisha kuliwa vidoto vidoto, na hilo halirudi.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna fundisho la falsafa ambalo vitabu vya maadili hulitaja juu juu. Sisi huamini kwamba uharibifu hutoka nje, kwa wezi na hewa na vidole, na kwamba kihifadhi ni ukuta baina ya kipenzi chetu na ulimwengu. Lakini sarafu ile ilipita mikononi mwa wachuma kahawa na wauza mbuzi ikaisha kwa uchache sana, na sehemu ya kuisha kwake ilikuwa ni heshima. Ikaja kuharibiwa na kitu pekee kilichonunuliwa ili kuilinda. Mlinzi aliyeikaribia mno, asiyeiachia pumzi, ambaye hata uchafu wake unang'aa, ndiye aliyeidhuru. Wazazi wa zama hizi, na baadhi ya serikali, wangeweza kuutazama mwali ule kwa faida.

Vipo vihifadhi visivyo na hiana. Plastiki ya poliesta, ambayo wengi huijua kwa jina la Mylar, haina klorini wala mafuta, ila ni kavu na hukunjika kwa sauti. Akriliki na polipropilini nazo ni salama. Bahasha za karatasi hufaa ikiwa karatasi haina asidi, bali zile za kaki ziuzwazo kwa wingi zina salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Kwa sababu hiyo hiyo mipira ya kufungia, vitambaa vya sufu na magazeti visiwe karibu, wala mbao mbichi. Thika ina viwanda vya ngozi, na anayekaa upande wa kuvukiwa na harufu yake asistaajabu akiona fedha yake inaingia giza upesi kuliko ya ndugu yake aliye Gatundu. Chumvi ya bahari, inayozitesa sarafu za Lamu na Mombasa, haitufikii hapa penye zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Lakini unyevu wa Aprili na ukungu wa Julai hutufikia vizuri, na dawa yake ni vile vijifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo kila nyumba huvitupa.

Kinachotumika zaidi ni kipande cha karatasi ngumu chenye dirisha la Mylar, kikunjwacho sarafu ikiwa katikati, kikabanwa kwa pini za stepla. Nakipendekeza kwa mwenye mfuko mdogo, kwa sharti pini zilazwe kwa koleo zisichome jirani, na siku ya kuitoa sarafu zing'olewe kwanza zote, kwani sarafu nyingi zimekwaruzwa siku ya kutoka kuliko siku zote za kukaa. Kikopo cha duara cha akriliki ni bora, nacho ndicho kinachotaka vipimo: ile shilingi ya simba hutaka kikopo cha karibu milimita 28 na senti kumi karibu 31, maana kikizidi itacheza ndani na kujikwaruza, na kikipungua mtu atailazimisha. Juu ya madaftari ya kusukumia sarafu kwa kidole gumba sina la kusema ila kwamba gumba lina jasho.

Kisha kuna visanduku vilivyofungwa moja kwa moja, ambavyo kampuni za Marekani zilianza kuvieneza tangu mwaka 1986: mjuzi huikagua sarafu, huipa daraja kwa nambari, huifungia katika plastiki ngumu yenye kibandiko, na tangu siku hiyo hakuna aigusaye ila kwa kuvunja. Kwa hifadhi ni vizuri kabisa. Kwa elimu nina shaka navyo, kwa kuwa mnunuzi huacha kuitazama sarafu akasoma kibandiko, na hivyo fani iliyokuwa ya ijtihadi, ya mtu kuzikazia macho ndevu za simba kujua kama zimesuguliwa, imekuwa fani ya taklidi, ya kufuata tu kauli ya mwingine. Taklidi si haramu kwa asiyejua. Lakini anayejua, akaiacha elimu yake kwa ajili ya nambari, amepungukiwa na kitu ambacho kisanduku hakikumwahidi.

Na nambari ya juu hupewa sarafu gani? Hupewa ile isiyopata kutumika. Hapa mimi na wakusanyaji wenzangu huachana njia, ingawa najua soko haliniungi mkono. Shilingi iliyotoka kiwandani ikaingia moja kwa moja katika kihifadhi, haikumnunulia mtu mkate wala kumlipia mwana karo, ndiyo ithaminiwayo mara nyingi zaidi ya ile iliyochakaa kwa miaka thelathini ya kufanya kazi iliyoumbiwa. Yaani hakimu asiyepata kusikiliza kesi hata moja ndiye tunayemweka mbele, na aliyezeeka kwa kuamua haki za watu tunamwita dhaifu wa hali. Nafahamu sababu: jicho hupenda mchoro kamili, na mwanahistoria huhitaji kuusoma mwandiko wote. Lakini mtu asidhani kuwa upendeleo huo ni wa tabia ya vitu. Ni wa tabia yetu, na mimi kikopo changu bora cha akriliki nimekipa ndururu iliyosuguliwa hata taji haisomeki.

Wala kihifadhi hakiwi chema kwa kuwa kimehifadhi. Katika mashamba haya haya ya Ruiru na Thika, tangu baada ya Vita Vikuu vya kwanza, kila Mwafrika mwanamume aliyekomaa alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi ya alama za vidole na ya mwajiri na ya mshahara, na ili karatasi isiharibiwe na mvua na jasho ilitiwa katika kikasha cha chuma chenye uzi, kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita kwa jina la njuga ya mbuzi. Tukikipima kwa kanuni za hifadhi, kikasha kile kilifaulu, karatasi ilisalimika. Asiyesalimika ni aliyekivaa, ambaye alikuwa ameshushwa akawa kabati la kubebea karatasi. Mkusanyaji anayekipata kikasha cha namna ile leo, akawa anatafuta plastiki ya kukilinda kisipate kutu, na ajiulize angalau dakika moja anachokilinda ni nini.

Mas'ala ya zaka niyapitie kwa ufupi, kwa kuwa Waislamu wa hapa, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, huniuliza. Fedha iliyochanganywa na madini mengine haiwajibikiwi zaka mpaka fedha halisi iliyomo ifikie nisabu, nayo ni dirhamu 200, takriban gramu 595. Shilingi ya simba ina uzito wa karibu gramu 7.8, robo yake ni chini kidogo ya gramu mbili. Basi mtu hutakiwa awe nazo zaidi ya 300 ndipo zaka ya fedha imfikie kwazo peke yake, isipokuwa ana fedha nyingine za kujumlisha nazo, au anazifanyia biashara, ambapo hesabu hubadilika. Mzee wangu hazifikii hata robo yake. Furaha aliyoipata kwa kusikia hivyo ilinitia mashaka kidogo.

Imebaki pingamizi moja dhidi yangu, na ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili na dinari chache za dhahabu, baadhi yake za Makhalifa wa Kifatimi, zilizozikwa karibu miaka elfu iliyopita. Vijisarafu vile vya fedha vina majina ya watawala wa pwani yetu ambao baadhi yao hakuna kitabu kilichowataja, na maandishi ya pande mbili yamepangwa yakakubaliana kwa vina, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili sifa za Mungu. Aliyezizika alifanya kile kile alichokikemea Ghazali: aliwafunga mahakimu elfu mbili wakiwa kazini, katika mji wa biashara uliowahitaji, kisha hakurudi. Lau angalikuwa mwema tusingalijua kitu. Je, si yeye mkusanyaji mkubwa kuliko sisi sote, na ardhi ya Pemba si kihifadhi bora kuliko Mylar?

Nimelizungusha jambo hili, nami nasema kwamba manufaa yaliyotufikia hayamfutii dhambi yake, ikiwa ni dhambi, kwa sababu hakutukusudia sisi, alikusudia kuzirudia. Labda alikimbia maadui, na hapo ana udhuru, kwa kuwa aliyejificha na mali yake katika vita si sawa na aliyeificha katika amani. Ama sisi tunakusudia, na kukusudia ndiko kunakotuhesabia. Tena tusisahau kwamba pwani ile ile ina ushahidi wa upande wa pili: Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akisifika kwa kutoa hata akaitwa Baba wa Vipawa, alipiga sarafu za shaba, za thamani ndogo, na moja yake imeokotwa Zimbabwe Kuu, safari ya siku nyingi bara, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na ajuaye zilivyofika huko ni Mungu. Hizo hazikufungiwa na mtu. Zilizurura, nazo zimetufikia.

Nilipomsomea mzee hoja yangu ya hakimu aliye kazini na aliyeuzuliwa, alinyamaza, kisha akaenda ndani akarudi na sarafu mbili za shilingi arubaini, zile za mwaka 2003 zenye sura ya Rais Kibaki, zilizotolewa nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. "Na huyu je?" akasema. Alinikamata vizuri. Hakuna sheria iliyoiuzulu sarafu ile; hata Katiba ya 2010, iliyokataza sura ya mtu yeyote katika fedha za Kenya, haikuzibatilisha zilizotangulia. Lakini tangu lini umeiona dukani? Kisheria yuko kitini, na kwa ada ya watu alistaafu siku ile ile aliyoapishwa.

Nilimwambia kwamba mafakihi wameipa ada ya watu nguvu kubwa katika mlango huu, hata Imamu Malik akasema kuwa lau watu wangaliikubali ngozi iwe sarafu, yeye angalichukia ibadilishwe kwa dhahabu au fedha bila kukabidhiana papo kwa papo. Na mzee, ambaye ameishi na viwanda vya ngozi maisha yake yote, alicheka akasema Thika ingalikuwa tajiri. Tukakubaliana kwamba moja ya zile mbili ataitia katika kikopo cha akriliki, na ya pili airudishe kazini, tuone. Kesho yake tulipanda gari la Thika pamoja, akaitoa katika nauli yake. Makanga aliipindua mara mbili, akamwuliza kama anayo nyingine ya kumwuzia, kisha akaitia katika mfuko wa shati, si ule wa chenji.